Mfungwa Kalishitaki Gereza

Redio ya fundi viatu ilipotangaza kwamba mfungwa mmoja amelishitaki gereza kwa kulazwa sakafuni, amebanwa na wenzake kama mizigo, benchi zima la kahawa lililipuka.

"Mfungwa? Kalishitaki gereza?" Jaji akapiga paja. Huyu ni kinyozi wa jirani, aliyesomea ufundi huo miaka mitatu mji wa mbali akarudi na mtindo mmoja tu, kipara. Huhukumu kila kitu, hata mvua. "Alidhani anakwenda fungate? Kesho atadai shuka za maua!"

"Naye ana haki zake, bwana," Fundi akasema, misumari mdomoni.

"Haki zilikuwa wapi alipokuwa anaiba?"

Baharia alizungusha kikombe. Jina hilo alilipata aliporudi baada ya miaka miwili akidai alikuwa melini. Meli yenyewe ilikuwa na kuta nne na askari getini. Kijiwe kingejua saa hii, mama mkwe angejua kabla kahawa haijapoa. Lakini maneno ya Jaji yalimchoma.

"Shida si shuka," yakamtoka. "Mnalala ubavu, mmebanana. Hugeuki peke yako. Nyapara akiita, ndiyo mnageuka wote."

Fundi akatema misumari. "Mnageuka wewe na nani?"

"Wanageuka! Alinisimulia... nahodha."

"Nahodha mwongo huyo!" Jaji akafoka. "Watu wanakula bure, wanalala bure, halafu mahakamani! Ningekuwa hakimu ningemwongezea!"

Shangazi muuza kahawa alikuwa akipenya nyuma ya benchi na birika linalofuka. Akapaza sauti, "Geuka!"

Baharia akageuka, akajikuta amelala ubavu benchini. Bega la kulia chini, magoti yamekunjwa, mikono katikati ya mapaja. Nimekwisha, akawaza, aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Alipofumbua macho, pua yake ilikuwa imegusa kisogo. Cha Jaji. Bega la kulia chini, magoti yamekunjwa, mikono katikati ya mapaja.

Fundi akapunguza redio.

"Jaji, ndugu yangu," akasema taratibu, "huko ulikosomea unyozi, wateja wote walikuwa wanataka kipara, siyo?"

Shangazi akacheka mpaka birika likamwagika. Jaji hakuinuka.

"Hebu ongeza sauti ya redio," akanong'ona. "Huyo mfungwa hajasema anatafuta mashahidi?"