Mkwe Ndani ya Tangi la Fundi Saa

"Mmesikia? Fundi Saa karudia kufuga samaki wa baharini!"

Breki alitoa habari hiyo hata kahawa hajaagiza. Ni dereva wa lori, ila kwenye habari za watu hana breki, ndiyo maana tukampa jina hilo.

"Acha uzushi," akadakia Wakili. Huyu sheria hakusomea hata siku moja, ubishi tu ndio uliompa cheo. "Si aliacha pacha wake walipozaliwa? Tangi likatoka, vitanda vikaingia."

"Pacha wamekwenda shule ya bweni. Tangi limerudi!"

Fundi Saa mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi, uso umemshuka, kahawa imempoa mkononi. Siku zote yeye ndiye wa kwanza kutujibu, kwa hiyo nikamgeukia.

"Sema, fundi. Umeweka samaki gani?"

"Bado. Kuna maji ya chumvi, mawe ya baharini na taa yake. Maji hayajaiva."

Breki kidogo apaliwe. "Hayajaiva? Umeyainjika jikoni?"

"Yanaiva yenyewe, bwana! Lazima vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe kwanza. Hivyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Ukimtia samaki leo, kesho unazika."

"Kumbe kwa sasa unafuga vijidudu visivyoonekana," akahitimisha Wakili. "Mbona hata mimi ninavyo, godoroni. Na sikuvinunulia taa."

"Taa usinikumbushe! Zamani taa ilikuwa na swichi. Hii ya siku hizi inataka simu, simu inataka nywila, nywila nimeisahau, sebule nzima ya buluu tangu juzi. Kila nilichokijua kimefutwa. Nimeuliza swali moja kwenye kundi la wafugaji mtandaoni, vijana wakaniambia nirudi makumbusho."

"Si usubiri tu hayo maji yaive?" nikasema.

"Shemeji yangu anakuja leo, kaka yake Mama Pacha. Siku ya harusi alimwambia dada yake, mimi nimesimama palepale, kwamba anaolewa na mtu asiyemaliza jambo. Juzi kwenye simu nikajitapa kwamba nina samaki. Mama Pacha akanisikia. Kasema kaka akikuta mawe matupu, tangi linageuka kabati la vyombo." Akaweka kikombe chini. "Na mimi nyumba ile bila wanangu siiwezi, jamani. Jioni naona kimya kimekaa kwenye makochi."

Tukamwonea huruma kweli, kwa muda wa funda moja la kahawa.

"Nunua samaki wa sokoni," akasema Breki, "mtundike kwa uzi."

"Ataelea ubavu!"

"Mwambie shemeji amelala."

"Upuuzi," akasema Wakili. "Sema samaki yuko nyuma ya jiwe, anawaonea haya wageni. Anayebisha athibitishe."

"Hilo ndilo nililomwambia kwenye simu," akasema Fundi Saa, akafunika uso.

Hapo akatokea Mama Pacha anakimbia, ndala mguu mmoja.

"Baba Pacha! Katoka!"

"Nani?"

"Huyo uliyesema yuko nyuma ya jiwe!"

Fundi Saa akainuka ghafla, kahawa yote ikamwagikia Wakili. "Mke wangu, mimi nyuma ya jiwe sikuweka kitu."

"Ana miguu mingi, manyoya tele, makucha meusi."

"Mungu wangu, ni kaa! Kaja amejificha ndani ya jiwe. Huyo ni jambazi! Anakula matumbawe, anakula konokono, samaki akisinzia naye analiwa. Atolewe leo hii!"

"Hatoki."

"Mama Pacha..."

"Nimesema hatoki! Kaka kapiga magoti mbele ya kioo, analia. Anasema ni marehemu baba mtupu. Manyoya yale ya mikononi, kutembea upande upande, na ile tabia yake ya kuchungulia mlangoni amjue mgeni kabla hajatoka. Kampa shikamoo."

"Kampa shikamoo kaa?"

"Hata mimi nimempa. Na kaka anakuomba radhi kwa maneno ya siku ya harusi. Anasema hakuna aliyewahi kumfanyia jambo kama hili."

Fundi Saa akatutazama mmoja mmoja, kama anayetaka mashahidi. "Kwa hiyo tangi linabaki?"

"Atakayeligusa ataondoka yeye."

Furaha ikampanda mpaka akamkumbatia Breki. Halafu ufugaji wake ukamrudia kichwani, akamwachia.

"Lakini mke wangu, nimesubiri miaka yote hii niweke samaki wa rangi. Nikiwaweka, yule atawamaliza mmoja mmoja!"

Mama Pacha akavaa ndala yake vizuri, akaanza kurudi nyumbani.

"Mwache ale," akasema bila kugeuka. "Mzee yuko kwa binti yake."