Kitanda Nairobi, Asali Runyenjes

Jumatatu, 1 Agosti 2011

Binti yangu Virginia amejifungua salama. Msichana! Wa pili. Wa kwanza alichukua jina la mama wa baba yake, kama desturi yetu Waembu inavyotaka. Huyu sasa ni wetu. Huyu ni Ciakuthii. Mke wangu yuko kaburini mwaka wa pili, na leo jina lake limezaliwa upya Nairobi, likilia kwa nguvu. Nimekaa jikoni nikalia pia. Hakuna aliyeniona isipokuwa paka.

Lazima niende. Si kwenda na kurudi siku moja. Nataka kulala mjini, niamke asubuhi nimsikie. Lakini nitalala wapi?

Virginia na mumewe Runji wana nyumba nzuri mtaa wa Umoja, Nairobi. Tatizo ni mdomo wangu. Siku ya mahari nilisimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba sitaweka kichwa changu chini ya paa la Runji mpaka alete mtungi wa asali, ile ya wazee kuonja. Nani alinituma? Jirani yangu Njura alikuwa amejisifia mkwe wake asubuhi nzima, nikataka kumzidi. Wazee walipiga makofi. Runji alileta vingine vyote, asali hakuleta. Mimi nikanuna mpaka leo.

Ciakuthii alilazimika kulifuata neno langu. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, alikwenda Nairobi asubuhi akarudi jioni ile ile, miguu imevimba. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 2 Agosti

Nimechunguza malazi ya jiji lote bila kutoka hapa Runyenjes.

Kwa Misheck, mtoto wa dada yangu, Githurai: chumba kimoja, pazia katikati, mkewe upande wa pili. Mjomba hawezi kukoroma hapo. Nyumba ya wageni ya kanisa: safi, chai ya bure, lakini wanataka barua ya mchungaji, na mchungaji bado anakumbuka nilichosema kuhusu mahubiri yake. Gesti za karibu na steji: Njura anasema kunguni wa huko wanakufahamu kwa jina. Yeye alilala kwa mwanawe Nairobi wiki nzima mwezi wa Aprili. Hadi sasa anatuhadithia bafu lenye maji moto.

Nikamwambia Njura kwamba Runji amenibembeleza kwenye simu nikalale kwake. Njura akauliza, kwa upole kabisa, kama asali ililetwa. Nikakohoa. Nikasema naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe nilimuuza mwezi wa Mei.

Jumatano, 3 Agosti

Ningeweza kumpigia Runji simu nimwambie yamekwisha, nilikosa, aje anichukue. Nimelifikiria hilo muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Njura angecheka mpaka Krismasi.

Kisha akili ikaja. Mtungi utafika! Nitaununua mwenyewe Ishiara, kule kwa Wambeere wenye asali nyeusi ya kweli, nao utafika kwangu kama zawadi ya Runji. Yeye ataponea hapo, mimi nitafunguliwa neno langu. Nani atapata hasara?

Alhamisi, 4 Agosti

Umefika! Njura alikuwa kwenye benchi langu, pamoja na wazee wawili niliowaalika uji. Mwenye bodaboda alishusha mtungi akasema maneno niliyomfundisha: umetoka kwa mkwe, Nairobi. Akayarudia tena, kama anasoma shairi shuleni.

Njura akasema ameona pikipiki ikitokea upande wa Ishiara. Nikamjibu kwamba watu wa pikipiki siku hizi wanapenda njia za mkato. Wakaonja. Wakasifu. Wakanifungua neno langu kwa maombi.

Nimepakia shali nyeupe aliyofuma Ciakuthii miezi yake ya mwisho. Mikono ilikuwa ikitetemeka, baadhi ya mishono imeruka. Alisema ni ya wajina wake atakapokuja. Nimeikunja mara kadhaa, haikunjiki vizuri kama alivyokunja yeye.

Ijumaa, 5 Agosti

Balaa. Njura, kwa wema wake au kwa umbea wake, alimpigia Runji kumshukuru. Runji akasema hajatuma asali yoyote.

Na kwetu asali haitumwi kwa baba wa msichana na mtu yeyote tu. Anayeituma anasema jambo moja: huyu ni mke wangu. Kwa hiyo wazee wa Runyenjes wameonja mahari ya mwanamume asiyejulikana, huku Virginia ana mtoto mchanga mkononi. Sikuwaza hilo. Niliwaza kitanda tu.

Virginia akapiga simu akilia. Akaniuliza nani aliyeituma. Jibu lilikuwa neno moja tu, mimi. Lakini Njura alikuwa amesimama dirishani, shingo imerefuka. Nikasema labda ni mtu mwenye nia njema.

Kisha akaniambia nisifike Umoja kama sina jibu.

Jumamosi, 6 Agosti

Niko Nairobi. Kuchagua pa kulala hakukuwa kazi tena. Nimekuja gesti ile ile tuliyolala mimi na Ciakuthii mwaka wa 1983, tulipokuja maonyesho ya kilimo. Chini sasa wanauza simu, lakini vyumba vya juu ni vile vile. Siku ile alikaa dirishani akitazama taa za barabara. Alisema iko siku tutakuwa na mtu wetu hapa, hatutalala tena kwa wageni. Nilimwambia afunge pazia nipate usingizi.

Nilimtumia Virginia ujumbe wa mahali nilipo. Jioni amekuja Runji peke yake. Amekaa kitandani, maana kiti hakuna. Amenisalimu kwa heshima, ameuliza habari za mvua na za kahawa. Kisha akatazama sakafu.

"Baba, nimefikiria sana. Kama ni wewe ulinunua hiyo asali, sema tu. Sitamwambia mtu. Virginia ameshatandika kitanda, twende nyumbani umwone mtoto."

Mlango ulikuwa wazi. Gari lake lilikuwa pale chini. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hapo akilini nikamwona Njura, akicheka kwenye benchi langu mwenyewe.

"Mimi nijinunulie asali ya mahari ya binti yangu?" nikasema. "Kwani unanionaje?"

Runji ameinuka. Amenitakia usiku mwema. Nimemsikia akishuka ngazi polepole sana, akasimama kidogo pale chini. Alikuwa ananingoja nimwite. Sikumwita.

Na shali nimesahau kumpa.

Jumapili, 7 Agosti

Virginia amepiga simu. Leo hakuwa akilia, na hilo limeniuma zaidi.

"Baba, mtoto tumemwita Wanja, jina la shangazi yake Runji. Jina la mama siwezi kumpa mtoto ambaye watu wanauliza baba yake ni nani."

Nyuma yake nimemsikia huyo mtoto. Sauti nyembamba, yenye hasira kidogo. Nilitaka kumwomba Virginia asikate simu bado, nimsikilize tu. Akakata.

Nimelia bila aibu. Mwenye gesti akagonga mlango akauliza kama naongeza siku.

Jumatatu, 8 Agosti

Nyumbani. Njura yuko kwenye benchi. Ameuliza habari ya asali. Nimemwambia yalikwisha, Runji alikuwa amesahau tu kwamba alituma. Ameuliza nililala wapi. Nimemwambia kwa Runji, chumba changu peke yangu, maji moto asubuhi na jioni.

Akauliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Ciakuthii.

Njura akavua kofia. Akasema marehemu mke wangu alimuuguza mama yake bila kuitwa, na kwamba anafurahi jina lile halijapotea. Macho yake yalikuwa na machozi. Nilikaribia kumwambia. Nikaenda kumwangalia ng'ombe.

Shali nimeirudisha sandukuni. Bado ina harufu ya moshi wa jikoni kwake. Nimekaa nayo magotini mpaka chai ikapoa.

Nimetafuta sana kosa lilikuwa wapi, na sasa nimelipata. Ile pikipiki ilitokea upande wa Ishiara! Mkwe wa Nairobi hutuma vitu kutoka Nairobi, hata mtoto anajua. Kwa hiyo nitanunua kondoo dume mnono wa kufuta maneno haya yote, kwa jina la Runji. Misheck atampakia garini huko Githurai, naye atashushwa hapa barabarani mchana kweupe, Njura akiwa kwenye benchi.