Kamati ya Kudumu ya Kusimama

Uongozi wa Duka Kuu, lenye makao makuu Mbeya na tawi Iringa, unayo heshima kuujulisha umma wa Nyanda za Juu Kusini kwamba tatizo la kukaa limekwisha. Hakuna muuzaji wetu anayekaa tena. Chini, penye vyombo, wanasimama. Ghorofa ya kwanza, penye nguo na viatu, wanasimama. Ghorofa ya pili, penye makochi, vitanda na magodoro, wanasimama kuliko wengine wote, maana huko ndiko kwenye kishawishi.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kusimama. Natoa taarifa hii kwa sababu yaliyotokea tawi la Iringa yanasimuliwa vibaya mjini. Watu wanacheka kabla ya kusikia hoja.

Hoja ilikuwa hii. Muuzaji aliyekaa anamwonyesha mpita njia kwamba duka halina wateja. Muuzaji aliyesimama anaonyesha kwamba mteja yuko mlangoni. Meneja Mkuu wetu, Ndugu Rabson, aliligundua jambo hili akiwa amekaa ofisini kwake, na papo hapo akaagiza itungwe sera. Tulikwenda semina katika hoteli moja ya Mbeya, mada ikiwa Kusimama kwa Tija. Viti vilikuwa na mito. Wauzaji hawakualikwa, walikuwa kazini wamesimama, na kuwaita kungewaharibia mazoezi. Tuliazimia kwamba muuzaji asikae, asichuchumae, wala asiegemee nguzo, kabati au mwenzake. Kupiga goti kuliruhusiwa kwa wauzaji wa viatu tu, ilimradi mguu wa mteja uwe kiatuni.

Kuna waliosema ni ukatili mtu kusimama kutwa kwenye vigae vya Iringa mwezi wa sita, amezungukwa na makochi, akiwaeleza wengine jinsi makochi hayo yanavyopumzisha mgongo. Kamati iliyapima maneno hayo. Tuliona kwamba mtu anayeitamani bidhaa huieleza vizuri zaidi.

Matokeo yalionekana mapema. Kabla ya sera, makochi ya Iringa yalikuwa yakichakaa kwa kukaliwa na wateja. Miezi ya mwanzo baada ya sera, hakuna kochi hata moja lililochakaa. Hakuna lililokaliwa. Hakuna lililouzwa pia, lakini semina haikuwa imejadili mauzo. Bohari ilipojaa, makochi yaliyozidi yalipangwa ndani ya chumba cha mikutano mpaka yakagusa dari, na Ndugu Rabson akapongezwa kwa kutunza mali.

Katika hali hiyo nzuri ndipo tulipoletewa shauri la Tekla.

Tekla ni mwenyeji wa Igowole, muuzaji wa kitengo cha samani, anaishi Kihesa na mwanawe wa darasa la pili. Alikuwa amekutwa amekaa. Si kwenye ngazi wala kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo tungeliita udhaifu wa binadamu, bali kwenye kochi, mbele ya mteja, wanaongea. Alikwisha kuonywa kabla ya hapo. Adhabu iliyobaki ilikuwa kufukuzwa kazi, na Ndugu Rabson na mimi tukapanda gari Mbeya kwenda kumfukuza kwa kufuata utaratibu.

Kwa kuwa chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa makochi, shauri lilisikilizwa kwenye kitengo chenyewe cha samani, wakati wa kazi. Ndugu Rabson alikaa kwenye kochi kubwa la rangi ya kahawia. Mimi nilikaa pembeni yake. Lilikuwa kochi zuri sana. Tekla alisimama mbele yetu, mikono nyuma, amevaa soksi mbili mbili.

"Tekla, ulikaa?" aliuliza Ndugu Rabson.

"Nilikaa, bosi."

"Nani alikuruhusu?"

"Mteja. Aliniambia, kaa kwanza mwanangu, nitajaribuje kochi wewe umenisimamia kama mgambo."

"Ungemweleza sera."

"Wale wa kabla yake niliwaeleza. Wakasema wanazunguka kidogo, watarudi. Hawakurudi." Alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. "Bosi, huku kwetu mwenyeji akisimama, mgeni anajua ameagwa. Mtu anaingia, ananikuta nimesimama, anaona bora aondoke asinichoshe. Hata umwambie karibu mara ngapi."

"Hii siyo sebule ya mtu," nilimwambia. "Hili ni duka."

"Ndiyo, Katibu. Ila ni duka la vitu vya sebuleni."

"Na huyo uliyekaa naye alifanya nini?"

"Alinunua."

Niliandika kwamba mtuhumiwa hajutii.

Tekla alituomba tusimfukuze. Hakulia, alisema kazi anaipenda, anawajua wateja, na mtoto akitolewa shule ya Kihesa katikati ya mwaka atapotea. Ndugu Rabson alimjibu kwamba Kamati inafanya kazi kwa vigezo, haifanyi kazi kwa huruma. Alikuwa amefungua mdomo kusoma uamuzi, ndipo mteja alipotokea kwenye ngazi.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge juu ya sweta, mkoba chini ya kwapa. Baadaye nilijua anaitwa Mama Devota, ametoka Kalenga, na Jumamosi wakwe watarajiwa wa bintiye walikuwa wanakuja kuleta posa. Nyumbani kwake palikuwa na viti vya plastiki. Alisimama, akatutazama sisi wawili tuliokaa, na uso wake ukalegea.

"Kamwene," alitusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene," alijibu Tekla.

"Afadhali leo. Juzi nilipita hapa nikawakuta wote wima kama kwenye msiba wa serikali, nikaogopa, nikashuka." Akaja moja kwa moja, akakaa kati yangu na Ndugu Rabson, akavua kiatu kimoja. "Habari za hapa, baba?"

"Nzuri," alisema Ndugu Rabson. "Mama, hapa tuna kikao."

"Endeleeni tu. Kochi hili bei ya mwisho ngapi?"

"Mama, mimi ni Meneja Mkuu."

"Hongera. Bei ya mwisho?"

"Sijui bei."

"Unauza kitu hujui bei?"

"Siuzi, mama."

"Sasa umekaa dukani unafanya nini, unaatamia?"

Hapa Ndugu Rabson alitaka kumweleza muundo wa uongozi. Nilimgusa goti na kumnong'oneza kwamba Mwongozo wa Huduma kwa Mteja, niliouandika mwenyewe, unakataza mfanyakazi wa ngazi yoyote kumsahihisha mteja ndani ya duka. Mteja akisema kochi ni jekundu, ni jekundu mpaka atoke. Ndugu Rabson alifunga mdomo. Ni mtu wa kanuni, hata anapoumia.

"Inuka kidogo, baba, nione ulipokalia," alisema Mama Devota.

Meneja Mkuu aliinuka. Mama Devota alibonyeza mahali hapo kwa ngumi, akatikisa kichwa.

"Limebonyea. Umelikalia mno hili, itabidi mnipunguzie." Kisha akamgeukia Tekla, ambaye alikuwa bado amesimama mikono nyuma, na kwa jinsi alivyosimama mbele ya wanaume wawili waliokuwa wamekaa wakimtazama, Mama Devota akapata hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili angelipata. "Kumbe wewe ndiye mkubwa wao. Samahani mwanangu, nimekukuta unawasema. Walifanya nini?"

Tekla alinitazama. Mimi nilitazama dari. Kifungu kilikuwa wazi: mteja hasahihishwi.

"Tulikuwa tunazungumza mambo ya kukaa, mama," alisema Tekla.

"Ndiyo hivyo hivyo. Wanaume wa siku hizi ukiwaajiri ni kazi. Hebu waambie huyu mwenye tai naye ainuke, nataka kulipima kwa urefu."

Kisha Tekla alisema, kwa sauti ndogo, "Katibu, inuka."

Niliinuka.

Na hapo ndipo ilipotokea hali ambayo Kamati haikuwa imeiona ana kwa ana, ingawa tulikuwa tumeelezwa dakika chache kabla na kuiandika kuwa ni kukosa kujuta. Mama Devota aliinua macho akakuta watu watatu wamemsimamia. Mkono wake ukaenda chini, ukatafuta kiatu.

"Basi, niwaache," alisema. "Naona mna haraka. Ngoja nizunguke, nitarudi."

Alikuwa amekwisha kuvaa. Ndugu Rabson alinitazama mimi, mimi nikautazama mkoba, na mkoba ulikuwa mnene. Tekla hakututazama. Alilizunguka kochi, akakaa pale nilipokuwa nimekaa, akanyoosha miguu yake yenye soksi mbili mbili, akashusha pumzi ambayo nadhani ilikuwa imesubiri tangu semina.

"Kaa, mama. Hatuna haraka. Wakwe wako ni wangapi?"

Mama Devota akakaa tena. Akavua viatu vyote.

Waliongea muda mrefu. Waliongea juu ya wakwe, ambao ni Wabena na wanakuja kundi zima. Juu ya binti, ambaye amesoma lakini hajui kuonyesha adabu ya kimya. Juu ya rangi ya kahawia, ambayo haionyeshi madoa ya chai. Neno kochi halikutajwa sana. Sisi wawili tulisimama kando. Miguu ilianza kuniuma kwenye nyayo, ikapanda visiginoni, na Ndugu Rabson akaegemea nguzo.

"Usiegemee hapo, baba," alisema Mama Devota. "Utachafua rangi."

Alinunua kochi kubwa, makochi mawili madogo na meza. Alipouliza nani atamshushia, Tekla alisita. Mama Devota hakusita. Alituonyesha kwa kidole. Kirikuu, kigari cha mizigo alichokodi, ilikuwa imeegeshwa chini, na lifti yetu, kwa bahati mbaya, inahudumiwa na kamati nyingine. Ndugu Rabson alishika upande wa mbele na mimi wa nyuma. Kwenye kona ya ngazi alinieleza kwamba atanihamishia bohari ya Mbalizi nikahesabu ndoo. Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa mteja hana mamlaka hayo.

Mlangoni kwetu pamebandikwa namba ya simu ya mwenye duka, Bi Mwanakhamisi, ambaye yuko Mbeya na ambaye babu yake alianza kwa kuuza kanga na taa za chemli. Mama Devota alimpigia akiwa ameshapanda kirikuu, spika wazi.

"Yule meneja wenu binti, Tekla, Mungu awabarikie. Anakaa na mtu, anamsikiliza. Ila wale wauzaji wazee wawili, mmoja ana tai, hawajui bei, hawajui kukaribisha, na wamebonyeza kochi."

"Wamekuuzia?" aliuliza Bi Mwanakhamisi.

"Yeye ndiye ameniuzia. Wao wamebeba."

Simu ya Ndugu Rabson ililia kabla kirikuu haijakunja kona.

"Rabson, nasikia Iringa nina meneja mpya."

"Bi, yule mama alikosea. Tekla ni muuzaji, tena tulikuwa tunamfukuza."

"Mlimwambia amekosea?"

"Hapana, Bi. Mwongozo unakataza."

"Nani kauandika?"

"Katibu."

"Kauandika vizuri. Mimi mwanangu sijasoma semina, lakini mteja wangu akishasema, nimesema. Huyo ndiye meneja. Na wauzaji wazee ni wawili, au nimesikia vibaya?"

Ndugu Rabson aliniangalia. Alisema Bi hakusikia vibaya.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Umma uone kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Zote zilifuatwa, na zimetufikisha ghorofa ya pili ya Iringa, Ndugu Rabson upande wa vitanda na mimi upande wa makochi. Meneja Tekla ameondoa makochi kwenye chumba cha mikutano kwa njia ya kuyauza. Amefanya marekebisho madogo ya sera: muuzaji atasimama, isipokuwa mteja mwenyewe akimwambia akae. Wenzetu wanaambiwa kila mara. Wako hapo wamekaa na wateja wao, wanaulizana habari za mashambani.

Sisi tunawasalimu wateja kwa usahihi na kuwaeleza vipimo. Wanatushukuru sana. Wanasema wanazunguka kidogo, watarudi.

Shauri la Tekla halijafungwa. Taratibu zinataka uamuzi usomwe wajumbe wakiwa wameketi, na hadi naandika taarifa hii nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati, hakuna mteja aliyetukaribisha kiti.