Natafuta wa Kushika Mkia

Jumatatu, 2 Juni
Jimbo zima la Wyoming hakuna mwenye bahati kama mimi, Wendell Prather. Bahati inanifuata kama mbwa mwenye njaa. Leo nimempata mgeni wa mchezo wetu! Marlene Ostby, mpishi wa shule, mjane, hajawahi kugusa bunduki ya masafa marefu. Jumamosi ni shindano letu la kila mwaka la kulenga shabaha, na anayeshika mkia huyapaka rangi mabamba yote ya chuma tunayoyalenga, mpaka shindano lijalo. Miaka mitatu mfululizo nimeyapaka mimi. Upepo wa huku unakurudishia rangi usoni. Ndevu zangu ni nyeupe, na si kwa uzee!

Nikamwambia Marlene kwamba mchezo huu ni wa watu wema, wageni tunawabeba mgongoni, bunduki nitamwazima mimi. Akakubali upesi. Upesi mno. Kwa nini?

Jumanne, 3 Juni
Nimemchunguza. Nimeuliza kama marehemu mumewe alikuwa mwindaji. Alikuwa fundi wa piano. Hm. Nikauliza habari za macho. Akasema bila miwani hatofautishi ng'ombe na gari. Moyo ukatulia. Akaniuliza kwani natafuta mpiga shabaha au natafuta mke. Sikucheka.

Orrin Skaggs, jirani yangu na msimamizi wa shindano, akatuona. Akanipongeza, eti wageni ndio uhai wa klabu. Akatabasamu. Orrin hatabasamu bure! Mara ya mwisho alipotabasamu vile, fahali wake alikuwa tayari ndani ya shamba langu la majani.

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi. Mpango wangu safi kabisa: nimpe mfuko wa mchanga uliotoboka wa kuegemezea bunduki, halafu nimfundishe nusu nusu. Akalala kifudifudi. Mtutu ukayumba kama mlevi. Mchanga ukammwagikia mkononi. Hakulalamika. Akasema labda yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Aa! Nani angevumilia? Nikampa mfuko wangu mzuri. Nikamfundisha kupumua. Nikamwonyesha namna ya kubonyeza kifyatuo taratibu, bila kukivuta. Bamba la yadi mia sita likalia. Akapiga ukelele, akanikumbatia, nami nikarukaruka naye kama mjinga.

Njia nzima kurudi nyumbani nimejitukana.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa. Tulikuwa kundi moja: kwanza Orrin, kisha mimi, kisha Marlene. Desturi yetu, aliyemaliza humwambia anayefuata upepo ukoje, hata kama hawasalimiani. Bamba la mwisho, yadi mia tisa, Orrin akalipata kwa risasi zake zote, akainuka, akaninong'oneza kwamba kule bondeni upepo unatoka kushoto kwa nguvu, nilenge nje kabisa ya bamba, kushoto. Akatabasamu.

Ahaa! Nyasi tulipolala zilikuwa zimesimama wima, bila upepo wowote. Unanifanya mtoto? Nikalenga katikati. Vumbi likaruka kulia. Nikajua ni mtego, nikalenga kulia. Vumbi likaelekea jimbo jirani, Nebraska. Risasi zote zimekwisha, bamba kimya kama kaburi.

Marlene akanishika mkono. "Orrin kasema nini, Wendell?"

Hapo ndipo mahali pa uongo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni! Lakini alinitazama vile, na ile miwani yake. Nikamwambia kweli yote. Akaiamini neno kwa neno, mwanamke yule. Ting! Ting! Ting!

Akanipita. Nimeshika mkia. Kwa uchungu nikaropoka mbele ya watu wote kwamba brashi ilikuwa ya Marlene, nilimleta kwa kazi hiyo! Orrin akacheka mpaka akaegemea pikapu. "Mgeni hapaki rangi mwaka wake wa kwanza, bwana wee! Sheria hiyo uliililia mwenyewe ulipoanza. Kwa machozi!"

Wameibuni leo. Nina hakika. Ingawa yale machozi nayakumbuka kidogo.

Naye Marlene? Alipanda gari lake akaondoka.

Jumapili, 8 Juni
Nikiwa peke yangu na ndoo ya rangi, gari likaja. Marlene! Ana brashi yake mwenyewe, na supu ya maharage na nyama yenye pilipili, na mikate ya mdalasini, vile anavyowapikia watoto shuleni. Nikanusa kwanza. Sumu haina harufu, lakini nilinusa.

Akasema alijua tangu Jumatatu. "Miaka yote hunisalimii hata dukani, leo unaniazima bunduki? Mimi si mjinga, Wendell." Nikamuuliza basi alikuja kwa nini. Akasema tangu mumewe afe, hakuna aliyemwalika popote. Akaendelea kupaka. Rangi ikamrudia kwenye miwani, nikaifuta kwa shati langu.

Nilitaka kumwomba radhi. Kisha nikapata wazo. Mwakani Marlene hatakuwa mgeni tena! Mwakani mkia wake unahesabika! Nikamsihi arudi, nikaapa nitamfundisha kila kitu. Akakubali upesi.

Upesi mno. Lazima nimchunguze.

Na ile bahati niliyojisifia Jumatatu, sina. Sijawahi kuwa nayo.