Dawa ya Kutoa Chanjo

Asali aliona fursa akiwa amesimama nje ya zahanati, akijikinga jua kwa gazeti la juzi. Langoni palikuwa na bango jipya: wasichana waletwe wachanjwe, wakingwe na saratani ya mlango wa kizazi. Chini ya bango, akina mama wawili walinong'ona.

"Eti haina madhara?"

"Nani ajuaye, mwenzangu."

Mtu mwingine angesikia wasiwasi. Asali alisikia soko.

Kufikia jioni alikuwa ametunga uvumi, kwamba chanjo ile hufunga kizazi, na tiba yake, chupa ya maji ya limau yaliyotiwa rangi. Tumtendee haki: matapeli wengi hutengeneza dawa tu, ugonjwa wanaukuta. Yeye alitengeneza vyote viwili katika beseni moja.

"Mama, binti keshachanjwa? Usilie! Kijiko asubuhi, kijiko jioni, chanjo inatoka yenyewe kwa jasho!"

Chupa zilikwenda. Mabenchi ya zahanati yakabaki matupu, na chanjo zikakaa kwenye friji zikisubiri tarehe ya kuharibika.

Mkunga mkuu wa pale, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, hakuwa mtu wa hasira. Lakini alikuwa ameshika mikono ya wanawake wengi waliofika na saratani hiyo wakiwa wamechelewa, na kila benchi tupu lilimuuma kama jino. Kisha siku moja, akitafuta sukari ya chai kwenye kabati la wauguzi, akakuta chupa ya Asali.

"Hii ya nani?"

Nesi mdogo kuliko wote aliinua mkono nusu. "Yangu, dada. Ya mdogo wangu. Kachanjwa juzi."

"Kachanjwa na nani?"

"Na mimi."

Mmoja wa wauguzi akajifanya anakohoa.

"Yaani unaitia kwa sindano, unaitoa kwa kijiko?"

"Dada, nilifundishwa kudunga. Hakuna aliyenifundisha nadunga nini."

Mkunga alifungua mdomo agombe, akaghairi. Akavuta kiti. Chai ilipoa huku akiwaeleza wote: kwamba kuna kirusi, HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani, kwamba chanjo humkinga msichana kabla hajakutana nacho, wala haigusi uwezo wake wa kuzaa, kwamba wao wenyewe, watu wazima, wanapaswa kupimwa, na aache kutazama sakafu yule anayetazama sakafu. Wote walikuwa wanatazama sakafu. Maswali yalitoka, mengine ya aibu, akayajibu yote. Mwisho akaionja ile chupa.

"Limau," alisema. "Na sukari haitoshi."

Kesho yake alimfuata Asali langoni. "Kaka, nimeionja dawa yako. Nina wazo la biashara."

Asali, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kukimbia, akaurudisha.

"Dawa yako inatoa chanjo, sivyo?"

"Inaing'oa, mama!"

"Sasa atainunua nani kama hakuna aliyechanjwa? Umewatisha mpaka hawaji. Umejifukuzia wateja mwenyewe."

Asali akatafakari. Kweli, mauzo yalikuwa yamelegea, naye alikuwa akiilaumu hali ya hewa.

"Waambie waje kwangu kwanza," mkunga aliendelea. "Mimi nidunge, wewe utoe. Wakitoka, wakukute hapa."

"Mama," alisema Asali, machozi yakimlengalenga kwa furaha, "wewe kwenye uuguzi umepotea njia."

Asubuhi iliyofuata kipaza sauti kiliamsha mtaa. "Chanjweni! Chanjweni bila hofu! Dawa ya kutoa ninayo hapa!" Hakuna afisa wa afya aliyewahi kuita watu namna ile. Mabenchi yalijaa, foleni ikazunguka ukuta.

Ndani, kabla ya sindano yoyote, nesi yule mdogo na wenzake walikaa na kila mama na binti yake wakawaeleza ukweli wote, pamoja na ule wa limau. Aliyetaka kwenda kufikiri nyumbani aliruhusiwa. Wachache walikwenda. Wengi walibaki, mabinti wakakunja mikono ya mashati. Wakitoka walimpita Asali kwa huruma, kama mtu anavyompita mlevi anayehutubia nguzo.

"Kaka," mama mmoja alimuuliza, "limau limepanda bei?"

Jua lilipoanza kushuka Asali aliingia ndani kwa kishindo. "Mama, umenila! Hajanunua hata mmoja!"

"Tulikubaliana nidunge. Nimedunga."

"Na mimi?"

"Ulitakiwa uwe langoni. Ulikuwepo. Nani kalalamika?"

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akashikilia meza. Asali aligeuka kuondoka, lakini hakuondoka. Mlangoni alikuwa amejibanza msichana wa miaka kumi na mmoja, uso wake ni wa Asali mtupu.

"Mama yake kamleta langoni," Asali alisema, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haujawahi kuisikia. "Anasema na huyu achanjwe."

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa."

Msichana akakaa, akakunja mkono wa shati. Mkunga akachukua sindano. Asali akasogea karibu, kisha karibu zaidi.

"Mama, ngoja kidogo. Kweli haitamfunga kizazi?"

Chumba kizima kikamgeukia.

"Nani kakwambia inafunga?"

Asali aliangalia dari.

"Watu," alisema. "Watu wanasema." Akavuta kiti, akaketi karibu na binti yake, akaomba aelezwe tangu mwanzo.