Ziwa Rukwa Chini ya Kiti cha Mwalimu Mkuu

Leo nimeaibika mpaka soksi zimelowa. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Vwawa.

Mnajua nipo tu nyumbani Ihanda tangu nihitimu chuo. Basi shule moja pale Vwawa ikaniita nifundishe kipindi kimoja cha majaribio, Darasa la Tano. Nikifanya vizuri, nina kazi. Mada: bahari, maziwa, mito na ndugu zao wote wa maji.

Nimeiwaza siku nne. (Kipindi chenyewe dakika arobaini.) Picha ubaoni? Hapana, zimezoeleka. Nikafinyanga dunia kwa udongo kwenye sinia la mama: bahari, ghuba, ziwa, bwawa, hata kinamasi nikakipandia nyasi. Mlima ukawa dumu la lita ishirini, limejaa maji, juu ya meza, lina tundu nimeliziba kwa gunzi la mahindi. Tundu dogo lingetoa kijito tu, nami nataka mto. Nikalipanua.

Mwalimu Mkuu, mama mpole mwenye macho makali, akakaa kona ya nyuma na daftari lake.

Nikaeleza vizuri! Sauti haikutetemeka sana. Nikasema, "Sasa tazameni chanzo cha mto," nikachomoa gunzi.

Jamani! Maji yalipita juu ya sinia kama vile halipo. Yakabeba ghuba, yakabeba kinamasi na nyasi zake. Gunzi likaniponyoka, likapotelea chini ya madawati. Nikaziba tundu kwa kiganja, yakanirukia kifuani. (Ningelilaza tu lile dumu. Wazo hilo limenijia nikiwa njiani kurudi Ihanda.)

Nikasubiri watoto wanicheke. Wapi! Walikuwa kazini, wamepanda juu ya madawati.

"Mwalimu, yamegawanyika! Ile delta!"

"Delta gani wewe, hata baharini hayajafika!"

"Dimbwi hili hapa, njooni!"

Maji yakafuata ufa wa sakafu mpaka kona ya nyuma, palipobonyea. Eliza, ambaye bibi yake anaishi Kamsamba, akapaza sauti: "Huo ufa ni Mto Momba! Na pale ni Ziwa Rukwa! Maji yanaingia, hayana pa kutokea!"

Jibu safi kabisa. Nilitamani kumpigia makofi, ila mkono ulikuwa umeziba dumu. Halafu nikaona Ziwa Rukwa limejaa wapi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinua miguu yote miwili, mkoba ameukumbatia.

"Na mimi hapa ni nini?" akauliza.

"Kisiwa, madam!" Darasa zima.

Akaandika kitu daftarini. Polepole. Nikaiona ajira yangu ikielea. Kisha akanionyesha kwa kidole tambara la kudekia.

"Haya, mwalimu. Ziwa halina pa kutokea. Lifungulie njia."

Dumu lilikuwa limeshaisha maji, nikaliachia, nikadeki na tai yangu shingoni. Huku nyuma yeye akawauliza watoto maswali, moja baada ya jingine. Wakajibu yote, hata tofauti ya rasi na ghuba, ambayo sikuwa nimeifikia! (Mimi mwenyewe huwa naisoma mara mbili.) Nikapiga magoti pale kwenye maji, nawastaajabia.

"Uje Jumatatu uanze kazi," Mwalimu Mkuu akasema, anakamua ncha ya khanga yake. "Mada inayofuata ni majangwa. Hiyo utaiweza bila dumu?"

Nikasema ndiyo.

Sasa msinicheke, nisaidieni: mchanga wa kujaza darasa zima unapatikana wapi?