Klachi, Flaiwili na Harusi ya Regina

Jumapili, 8 Juni 2025

Spoti yangu, gari la mbio, imeniaibisha kwenye mlima wa Mwanga. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari liko palepale. Bajaji imenipita ikiwa na magunia mawili ya mihogo. Fundi Hamdani kalala chini ya gari dakika tano, akatoka akitikisa kichwa. Klachi imekwisha. Na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hulishika, lina nyufa. Kasema vibadilishwe vyote viwili. Vipya ni vya kuagiza Dar, wiki mbili.

Sina wiki mbili. Jumamosi spoti inambeba Regina kwenda kufunga ndoa. Nilijitolea mwenyewe mbele ya kamati nzima. Regina ni dada wa Eufrasia, na Eufrasia ndiye ninayetaka kumwoa. Baba yao, Mzee Gervasi, akiona nimeshindwa kumfikisha binti mmoja kanisani, hatanipa wa pili. Anatoli naye anamtaka Eufrasia. Alikuwa kwenye kamati hiyohiyo, ufunguo wa gari lake, Noah, mezani, anatabasamu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata njia. Habonimana, muuza spea wa Ujiji, ana ndugu Bujumbura anayekata magari kama langu na kuuza vipuri vyake. Klachi na flaiwili vya mtumba, vizima, vinakuja kwa boti. Bei ya kutupa. Hamdani kashauri tusifungue kitu mpaka mzigo ufike. Nimemwambia afungue leo, tuokoe muda. Sasa giaboksi iko chini na mimi natembea kwa miguu. Anatoli kanikuta njiani mara tatu, kila mara kanipa lifti. Mbili nimekataa. Ya tatu nimepanda, viatu vilikuwa vinabana.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbili hakuna habari za mzigo. Leo asubuhi meseji ya nahodha wa boti, Sindayigaya: "Mzigo ejo Kibirizi." Hatimaye! Kwa Kirundi, kama kwa Kiha chetu, ejo ni kesho. Ni jana pia, lakini nani anaandika meseji kuhusu jana? Ningempigia kuuliza, ila angeniona Mha mzima asiyejua ejo.

Nimekwenda Mwandiga kununua riboni za kupamba gari. Eufrasia kapiga simu, kauliza kama gari liko sawa. Nimesema liko tayari kuliko mimi. Nimejichukia kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Niko Kibirizi, ufukweni boti zinakoshusha mizigo, tangu saa moja asubuhi. Boti zimeingia, mzigo hakuna. Saa sita kafika Sindayigaya, akashangaa kuniona. Kasema aliuteremsha Jumatano, Alhamisi akanisubiri mpaka akachoka, akamwachia Mama Astérie anayeanika dagaa. Ejo yake ilikuwa jana!

Mama Astérie ni mwaminifu. Klachi kaitunza kwenye boksi lake, kavu. Kuhusu kile chuma cha mviringo kaeleza kwa upole kwamba wavuvi walikiomba. Kizito, kina tundu katikati, unapitisha kamba tu. Wamekifanya nanga. Boti yao imekwenda Mwamgongo na flaiwili yangu iko chini ya ziwa, inafanya kazi nzuri. Nilipolalamika kaniambia, "Mwanangu, nilidhani na wewe ni mvuvi."

Nimerudi kwa Hamdani na wazo: klachi ya Bujumbura, flaiwili ileile ya zamani, tuisugue kwa msasa. Kasema ufa haufutwi kwa msasa, flaiwili hiyo itaila klachi kwa siku moja. Nimemsihi. Nimetaja harusi, nimemtaja Eufrasia, nimekaribia kulia. Kafunga. Ila kanikataza kumwambia mtu yeyote kwamba ni yeye aliyefunga.

Jumamosi, 14 Juni

Kwenda kanisani safi kabisa. Riboni zinapepea, Regina anacheka. Mzee Gervasi kanishika bega. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka watu wa Mwanga waone, basi wakati wa kutoka nikapeleka msafara mlimani. Katikati ya mlima, harufu ya kuungua. Moshi. Gari likagoma. Bibi harusi kashuka akikohoa ndani ya shela.

Anatoli kasimamisha Noah nyuma yetu, hata honi hakupiga. Kawachukua maharusi na Mzee Gervasi, na wapiga tarumbeta wa harusi wakawafuata. Eufrasia kabaki. Kavua viatu, akanisaidia kusukuma gari pembeni. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kuomba radhi. Mzee Gervasi kaniacha nimalize, kisha kaniambia kwamba Anatoli ameleta barua ya posa na Eufrasia ameikataa. Kwamba hatampinga bintiye. Ila nisikanyage tena pale mpaka nije na gari linalopanda mlima.

Eufrasia kanisindikiza nje. Kaniomba nitafute gari la kawaida, lolote, hata lililochubuka rangi, na fundi alikague kwanza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nimeapa.

Jumanne, 17 Juni

Nimefanikiwa! Nimebadilishana gari na jamaa mmoja wa Mwandiga. Hili nalo ni spoti, ila paa linafunguka. Hamdani kataka kulikagua, nimekataa, angenichelewesha. Gia ya kwanza haiingii, lakini huyo jamaa kasema itaingia ikishanizoea. Mlima halipandi. Nimelifikiria hilo pia: kutoka kwangu hadi kwa Mzee Gervasi ni mteremko mtupu.